Ngitili ya Mjini: Miti ya Mwakitolyo Ni ya Nani?

Duara la dhahabu halisimami bila mti. Matimba yanayopangwa kwenye kuta za shimo, gogo juu ya gogo, ndiyo yanayozuia udongo usimfukie mtu aliye chini, na kila duara jipya linapofunguliwa kuna kichaka mahali fulani kinachopungua. Juu ya ardhi mambo ni yale yale. Banda la mchimbaji limesimamishwa kwa nguzo na fito, ugali wa mama lishe umesongwa juu ya mkaa, na kivuli cha kupumzikia kati ya zamu na zamu ni cha mti ambao hakuna aliyeupanda na hakuna ajuaye kama kesho utakuwepo. Mwakitolyo, kama miji mingine iliyozaliwa na rashi, yaani watu kukimbilia kwa wingi mahali dhahabu ilipoonekana, ilianza kula miti yake kabla haijapata barabara ya mtaa.

Mjadala wa miti ya mijini nchini mwetu umezoea miji mikubwa. Tangu Desemba 2017, kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani ilipozinduliwa na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, tumesikia mengi kuhusu makao makuu ya nchi, na Dodoma inastahili. Sehemu kama Mwakitolyo hazitajwi. Kiutawala hii ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, inayoendeshwa kwa serikali za vijiji. Ukifika Namba Tano, eneo lake la machimbo, hata hivyo, unakuta maduka, karasha zinazosaga mawe, nyumba za wageni, saluni, vijiwe vya bodaboda, na watu waliobanana chini ya mabati. Joto la mabati halisubiri tangazo la Gazeti la Serikali. Anayeishi hapo anaishi mjini, na anahitaji kutoka kwenye miti kile anachohitaji mkazi wa mji wowote: kivuli, hewa iliyopoa, vumbi lililopungua, matunda, na mahali pa kukaa bila kulipia.

Tatizo la Mwakitolyo, kwa maoni yangu, si uhaba wa miche. Tatizo ni kwamba mti uliosimama pale hauna mwenyewe. Na Shinyanga, kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania, imeshawahi kulitatua tatizo hilo hilo, kwa chombo cha Wasukuma wenyewe kinachoitwa ngitili.

Historia ya miti ya Shinyanga ina uchungu wake. Serikali ya kwanza kufika hapa na mpango mkubwa kuhusu miti ilikuja kuikata. Katika miaka ya 1920 na 1930, Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o katika Tanganyika ya Waingereza, aliifanya Shinyanga kituo chake, na kupitia kwa watemi watu wengi walihamasishwa kufyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kujificha. Mbung'o walirudi nyuma na mifugo ikapata nafasi. Faida ile isidharauliwe. Baadaye pamba ikataka mashamba. Kisha Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, ikawahamisha watu kutoka kwenye kaya zilizotawanyika, na ngitili walizokuwa wakizitunza zikabaki nyuma bila mlinzi. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huu mwaka 1984, alichokiona kilimfanya auite jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu mkoani anaufahamu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa serikali ya Norwei. Mwanzoni nguvu kubwa ilikwenda kwenye vitalu na upandaji. Mambo yaligeuka pale wataalamu walipokubali kujifunza kwa wafugaji. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishakaza. Kazi kubwa ni kufunga: visiki vilivyo hai ardhini na mbegu zilizolala huinuka zenyewe, ilimradi ng'ombe na shoka visiingie. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimefikia angalau hekta 350,000, katika vijiji 833. Utafiti wa Profesa Monela na wenzake, uliotoka mwaka 2005, ulikadiria kuwa manufaa ya ngitili yalifikia wastani wa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea, malisho ya Septemba: vyote hivyo vilihesabiwa.

Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi, na kila mara ninachokiona nyuma yake ni umiliki. Ngitili nyingine ni ya kaya, nyingine ya kijiji, nyingine ya shule. Kila moja ina mwenyewe anayejulikana, ina mpaka ambao jirani anaujua hata usiku, na ina adhabu. Mkataji akikamatwa, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanamfikisha dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na dagashida ikiamua atoe ng'ombe, anatoa ng'ombe. Hapakuwa na uzio wa seng'enge kuzunguka hekta 350,000. Palikuwa na watu waliokubaliana na waliokuwa na hakika kwamba mti wanaouacha leo watauvuna wao.

Rashi inapoingia, nguzo zote za mpango huo zinatikisika kwa muda mfupi sana. Wanaokuja kutoka Geita, Mara, Tabora na Kigoma hawaijui dagashida, na dagashida haiwajui. Mwenye shamba aliyekuwa akiilinda migunga yake sasa anapokea sehemu yake ya mawe kutoka kwenye duara, na mti una bei ya matimba leo hii, taslimu. Mchimbaji naye hafanyi ubaya kwa tabia yake. Mwamba ukikosa dhahabu ataondoka kwenda rashi nyingine. Mti wa miaka saba hawezi kuuhesabu kuwa wake. Ukimhubiria mazingira atakusikiliza kwa heshima, kisha atarudi kwenye kazi yake, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kupanga miti ya Mwakitolyo ni nani anabaki. Mama lishe mwenye mgahawa na watoto shuleni anabaki. Mwenye nyumba za kupangisha anabaki. Walimu, wahudumu wa zahanati, waumini wa msikiti na wa makanisa, wakulima wanaopakana na machimbo, na serikali ya kijiji wanabaki. Miti ikabidhiwe kwao, kwa maandishi, mti kwa mti, pamoja na haki ya kuuvuna: matunda, matawi ya kupogoa, hata mbao utakapofika wakati wake. Kumpa mtu jukumu la kumwagilia bila haki ya kuvuna ni kumpa mzigo, na mzigo wa bure hubebwa mpaka kamera ziondoke.

Tukishajua mwenye mti, ndipo tuulize mti gani. Hapa hali ya hewa ya Shinyanga ndiyo iamue. Mkoa hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei mwanzoni, kiasi cha milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na mgawanyo wake unazidi kutotabirika: wiki kavu katikati ya masika, kisha mvua ya kiasi cha mwezi mzima kushuka kwa siku mbili. Wakati wa mateso ni Septemba na Oktoba. Ardhi imekauka, mawingu bado, na bati lililopigwa na jua la saa nane mchana linaweza kupita nyuzi joto 60. Chini ya bati hilo kuna mtu aliyetoka zamu ya usiku na anajaribu kulala.

Mti hupooza mahali kwa njia mbili. Kivuli chake kinazuia jua lisiguse bati na udongo, na majani yake yanatoa mvuke wa maji unaobeba joto. Njia ya pili inadhoofika kiangazi, kwa sababu mti wenye kiu hufunga vinyweleo vyake ili usife. Kinachobaki Oktoba ni kivuli, na kivuli kinataka majani. Mingi ya migunga ya asili, ambayo naipenda na ambayo malishoni haina mbadala, hupukutisha majani kiangazi. Mtu akinitaka ushauri wa mti wa kupanda kando ya nyumba ya mabati, namuuliza kwanza mtaani kwao ni mti gani una majani mwezi wa kumi. Jibu karibu daima ni lile lile: mwembe, mwarobaini, mjohoro, mkwaju, na mahali penye unyevu, mkuyu. Orodha hiyo watu wa Shinyanga waliipata kwa kuishi, na mtaalamu anayekuja na orodha nyingine inampasa aeleze kwa nini.

Mwarobaini ndio unaoshinda kila mahali kwa sababu mbuzi hawaupendi na ukame hauuangushi. Nautetea, lakini nautilia mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, miji ya Niger na nchi jirani za Saheli, iliyokuwa imeupanda mwarobaini karibu peke yake, iliiona miti hiyo ikinyauka kwa wingi kutokana na ukavu wa udongo, msongo na wadudu magamba. Miji iliyojenga kivuli chake juu ya mti mmoja haikuwa na mwingine wa kuegemea. Kwetu Afrika Mashariki tuliona kitu cha namna hiyo miaka hiyo hiyo, vidukari vya misaiprasi vilipoingia kutoka kusini na kukausha ua na mashamba. Melbourne ya Australia, katika mkakati wake wa miti wa mwaka 2012, ilijiwekea kwamba aina moja isizidi asilimia 5 ya miti yote ya jiji. Mwakitolyo haiwezi kufika huko, wala haina sababu ya kujaribu. Kuweka kanuni kwamba katika kila miti mitatu mmoja tu uwe mwarobaini kunawezekana, na hiyo inatosha kuanzia.

Maji nayo. Bomba la Ziwa Victoria la kwenda Kahama na Shinyanga lilizinduliwa mwaka 2009, na limebadilisha maisha ya watu wengi mkoani, lakini sitathubutu kumwambia mama anayenunua maji kwa ndoo amwagilie mche kwa maji hayo. Maji ya mti wa mjini yako juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Banda la mita nne kwa tano, kwa mvua ya milimita 700, linamwaga lita 14,000 kwa mwaka. Hata nusu yake ikipotea, zinabaki lita 7,000 ambazo leo zinachimba mfereji katikati ya njia na kuingia kwenye madimbwi ya mbu. Beseni la udongo lenye umbo la nusu mwezi, kina cha kiganja, likichimbwa pale paa linapotiririkia, linamnywesha mwembe mchanga mpaka mizizi yake ishuke chini. Kiangazi cha kwanza na cha pili unaongezewa maji yaliyooshea vyombo, yaliyopoa na yasiyo na dawa kali. Kiangazi cha tatu unajitegemea.

Maji ya mialo yasiguse mti wa kuliwa. Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nimesikia watu wakishauriana kinyume chake. Mialo ndipo unga wa mawe unapooshwa na dhahabu kunaswa kwa zebaki, na zebaki hiyo ikichomwa hewani hugeuka mvuke. Watu wengi wanadhani mvuke ukishapotea machoni umekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Madre de Dios, ukanda wa wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Amazoni ya Peru, ulionyesha kuwa majani ya msitu ulio karibu na machimbo yanainasa zebaki kutoka hewani kwa wingi mkubwa, na kuishusha ardhini kwa matone ya mvua na kwa majani yanayodondoka. Msitu ule ulikuwa unawakinga watu wa mbali kwa kuuweka uchafu ndani yake.

Somo la Mwakitolyo ni kwamba ramani ya miti igawe mji sehemu mbili. Kuzunguka mialo na mahali pa kuchomea dhahabu uwepo ukanda mnene wa miti ya kunasa vumbi na mvuke, na miti hiyo isitoe tunda, isitoe mboga ya majani, wala kuni zake zisipikie, kwa sababu kuni iliyonasa zebaki ikiwaka inairudisha hewani, safari hii jikoni. Mwembe, mpapai na mlonge ikae upande wa shule na makazi, mbali na mialo na si mahali upepo wa mialo unapoelekea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na dawa yenyewe ni kuiondoa zebaki kazini na, hadi hapo, kuichomea kwenye chombo kinachonasa mvuke. Miti haitachukua nafasi ya hatua hiyo. Lakini anayepanga miti bila kuijua zebaki anaweza kupanda madhara kwa nia njema.

Sasa matimba, ambayo ndiyo kiini cha kesi hii. Yapo mapendekezo yanayosikika kila mara kwamba ukataji wa matimba upigwe marufuku ili misitu ipone. Anayesema hivyo akumbuke Nyangalata, wilayani Kahama, ambako mwaka 2015 wachimbaji walifukiwa Oktoba 5 na watano wakatolewa hai siku 41 baadaye. Mwenzao wa sita alikuwa amefia chini. Akumbuke pia Nyandolwa, hapa hapa Shinyanga, Agosti 2025, watu 25 walipofukiwa. Mti unaoshikilia ukuta wa duara unaokoa roho ya mtu, na roho hiyo ni ya thamani kuliko mti wowote nitakaoutetea. Marufuku ikiwekwa, matimba hayataacha kukatwa. Yatakatwa usiku, yatakuwa membamba, na yatapangwa kwa kuachana.

Njia ya maana ni kuyalima. Mjohoro hukubali ukavu wa Shinyanga, hutoa nguzo nzuri ndani ya miaka sita hadi minane pakitunzwa, na ukikatwa kisiki chake huchipua tena bila kupandwa upya. Mkaratusi wa nchi kavu hukua haraka zaidi, ila usisogezwe kwenye visima na mito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji ziachwe, na mkaratusi mimi ningeutupa mbali zaidi ya hapo. Mashamba hayo ya matimba yakiwekwa kama mkanda kati ya machimbo na makazi, yanakuwa pia kinga ya vumbi la karasha na upepo. Hapo msitu wa biashara na msitu wa mji inakuwa msitu mmoja, na mwenye kuulinda ana sababu ya mfukoni ya kuulinda. Wakati mkanda huo unakua, magogo yatoke kwenye mashamba yaliyopandwa kwa kuvunwa. Shamba la miti la Silayo, wilayani Chato, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, liko katika ukanda huu huu. Gogo la kusafirishwa litakuwa ghali kuliko la kuiba kichakani, ndiyo, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya duara, mahali inapostahili, badala ya kulipwa na mfugaji aliyepoteza malisho yake.

Kuna jambo la upepo ambalo wataalamu wa miji mikubwa hulipita haraka na ambalo sisi hatuwezi kulipita. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo ilikipiga kijiji cha Mwakata, Kahama, ikabomoa nyumba na kuua zaidi ya watu 40. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo. Kuta zililowa zikawaangukia waliolala. Mstari wa miti ungelipunguza kasi ya upepo wa namna ile, ila mti mkubwa uliopandwa hatua mbili kutoka ukuta wa udongo ungeongeza maafa. Mti wa kimo kikubwa usiwe karibu zaidi ya mita tano na nyumba, na chini ya nyaya za umeme ipandwe miti mifupi tangu mwanzo. Kupogoa kufanywe mti ukiwa mdogo, kwa kuondoa matawi yanayopishana na yaliyokufa. Tabia ya kuukata mti mzima kichwa kila baada ya miaka miwili inaleta machipukizi mengi yaliyoshikilia kwa gamba tu, na hayo ndiyo yanayovunjika dhoruba inapokuja. Kijana wa mtaani anaweza kufundishwa kupogoa vizuri kwa wiki moja, na ni ufundi ambao mwenye nyumba atamlipia.

Sheria inatusaidia kuliko tunavyodhani. Kwa kuwa Mwakitolyo bado ni vijiji, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji vyake kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuuwekea kamati na sheria ndogo, na kuuvuna kwa mpango wao wenyewe. Mtaa wa Ilala hauna mamlaka hayo. Ngitili ya mjini inaweza kutengwa na mkutano mkuu wa kijiji: kiwanja cha shule, kingo za korongo, eneo la maduara yaliyoachwa baada ya kufukiwa, na vichaka vilivyobaki pembezoni ambavyo bado vina visiki hai. Visiki hivyo ni mali. Kule Dodoma, shirika la LEAD Foundation limekuwa likiwahamasisha wakulima kwa njia ya Kisiki Hai, yaani kuchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, kupogoa mengine na kuyalinda. Mizizi iko tayari chini, imeshayajua maji yalipo. Mche wa kwenye kifuko hauna faida hiyo.

Fedha zipo pia, kama tukizitafuta pale zinapopita. Wafanyabiashara na wachimbaji wanadaiwa na halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo yao. Si dhambi kudai sehemu ndogo ya ushuru unaotoka Mwakitolyo irudi kwenye kivuli cha Mwakitolyo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kuanzisha vikundi vya vitalu na vya kupogoa. Na kuna utaratibu wa wachimbaji wenyewe. Mawe yakitolewa hugawanywa kwa mifuko, mbele za watu: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya mwenye shamba, ya wachimbaji. Mkutano wa kijiji na wachimbaji wakikubaliana kuweka fungu la miti katika mgao huo, hata liwe dogo, litakusanywa mahali ambapo kila jicho linaona. Ninaliamini fungu hilo kuliko mfuko wowote wa ofisini.

Linalonisumbua zaidi ni jinsi tunavyohesabu. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo linahesabu siku ya kupanda. Siku yetu ya kitaifa ya kupanda miti ni Aprili 1; mche uliopandwa Shinyanga siku hiyo una wiki chache tu za mvua kabla ya miezi mitano au sita ya kiangazi. Ungepandwa Desemba, mvua zikishatulia, ungekuwa na mizizi ya kuvumilia. Freetown, Sierra Leone, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, ilianza mwaka 2020 kazi ya kupanda miti milioni moja, na jambo la busara walilofanya ni kuwalipa wakazi kwa mti ulio hai, unaokaguliwa tena na tena kwa picha za simu, badala ya kulipia mche uliotiwa shimoni. Mtaalamu Cecil Konijnendijk naye amependekeza kipimo kinachotajwa sana duniani: kila mtu aone miti mitatu kutoka nyumbani kwake, mtaa uwe na kivuli cha asilimia 30, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Nakiheshimu, ila kwa Namba Tano ningepima vingine. Wanafunzi wangapi wana kivuli wakati wa mapumziko? Kijiwe cha bodaboda, foleni ya zahanati, na wanawake wanaoponda mawe wana kivuli saa nane mchana mwezi wa Oktoba? Miti mingapi iliyopandwa miaka mitatu iliyopita ina majani leo? Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuyajibu hayo kwa kutembea asubuhi moja na daftari.

Daftari hilo lianze na miti iliyokwisha kusimama, kabla ya mche mmoja kununuliwa: mkuyu wa korongoni, mikwaju ya makaburini, miembe ya nyumba za zamani zilizokuwepo kabla ya rashi, kila mmoja na jina la anayekabidhiwa. Halafu liende kwa Tume ya Madini. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka saba na mwenye leseni anatakiwa tayari kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira. Mpango huo useme matimba yake yatatoka wapi na mijohoro mingapi ataipanda katika msimu wa kwanza wa mvua, na uhakiki wake ufanywe na kamati ya kijiji. Mwenye leseni akipanda mvua za mwaka wa kwanza, nguzo zake zitakuwa karibu kukomaa atakapokwenda kuomba leseni upya, na afisa atakayepokea maombi yake anaweza kwenda kuzihesabu shambani.